Kutoka Buyenzi hadi Buterere: historia ya kula nje ya nyumba Bujumbura

Ukimwuliza mwenyeji wa hoteli mahali pa kula Bujumbura, atakuelekeza ufukweni: Cercle Nautique, ambako viboko huonekana majini, au mikahawa ya katikati ya mji yenye orodha ya vyakula kwa Kifaransa. Buterere hataitaja. Mtaa huo wa kaskazini, katika tambarare ya Imbo jirani na uwanja wa ndege, unajulikana kwa jalala la mji na mabwawa ya kusafishia majitaka. Lakini desturi ya kula nje ya nyumba katika mji huu haikuanzishwa na wenye hoteli. Ilianzishwa na watu waliofanya kazi mbali na majiko yao, na watu wa namna hiyo leo wamejaa Buterere.

Wa kwanza walikuwa watu wa misafara. Katika karne ya 19, njia iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji iliwafikisha wafanyabiashara na wapagazi Ziwa Tanganyika, na pamoja nao Kiswahili, Uislamu na mapishi ya wali. Wajerumani wakaja kuweka kituo cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, wakiwa na askari waliosemezana kwa Kiswahili. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, kisha wakaupanga kwa rangi za watu: Wazungu katikati, Waafrika pembeni. Waswahili wakawa na mtaa wao, Buyenzi, ambao barabara zake hadi leo hutajwa kwa namba.

Mimi ningeanzia hapo Buyenzi kuandika historia ya mikahawa ya Bujumbura. Kibarua asiye na mke wala jiko mjini alihitaji chai na andazi asubuhi, na sahani ya wali na maharage mchana. Mahitaji hayo ndiyo yaliyougeuza upishi wa nyumbani kuwa biashara, nayo imekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake. Mpaka sasa chapati, pilau na futari za Ramadhani za Buyenzi huwavuta walaji wa mitaa mingine, Wakristo kwa Waislamu.

Miaka ya 1950 iliongeza mambo mawili mezani. Wavuvi wa Kigiriki waliokaa Usumbura walileta nyavu kubwa za kuzungushia samaki, na ndagala (dagaa wa ziwa hili) na mukeke, samaki mkubwa kidogo, wakaanza kuvuliwa kwa wingi kuliko zamani. Mwaka 1955 kikaanzishwa kiwanda cha bia cha Brarudi, na chupa ya Primus ikaingia katika kila kabare, yaani kilabu cha pombe, ikishindana na urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama. Kabare ndiyo iliyokuza kile ambacho Mrundi wa ughaibuni hukikumbuka kwanza: mishikaki ya mbuzi, ambayo Bujumbura huitwa kwa jina lake la Kifaransa, brochettes, pamoja na ndizi za kuchoma na pilipili. Mshikaki ni wa pwani, jina ni la mkoloni, mbuzi ni wa milimani. Sijui chakula kingine kinachoueleza mji huu vizuri kuliko hicho.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Oktoba 1993, kula nje kukawa hatari. Mitaa ilitengana kwa ukabila. Machi 1995 hata Bwiza na Buyenzi, mitaa ya mchanganyiko, ilimwaga damu na wengi wakakimbilia Zaire. Kati ya 1996 na 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo na bei zikapanda. Amri ya kutotoka nje usiku iliondolewa mwaka 2006, na kabare zikapata tena saa zao bora.

Kisha mji ukaanza kuwasukuma wadogo pembezoni. Soko kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na wauzaji wakatawanyika kwenda Ruvumera, Cotebu na kwingineko. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Dereva asiyeruhusiwa kufika mjini hawezi kula mjini. Hula pale anaposubiria abiria, na maegesho yake sasa yako nje ya mpaka huo, kwenye mitaa kama ya kaskazini.

Buterere basi ina walaji: madereva hao, wakulima wa mboga na mpunga wa tambarare, na watu wanaookota plastiki na vyuma jalalani. Chakula chao ni kilekile cha kibarua wa Buyenzi, wali au ugali, maharage, lenga-lenga (mchicha), na ndagala siku pesa ikiruhusu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika na bei hupanda. Mpishi wa mtaani huujua mwezi kabla ya kutazama juu. Linaloniuma ni kwamba mabaki ya sahani za mjini huishia hapa, na mvua zikizidi maji hufurika katika ardhi hii ya chini. Mtaa unaobeba uchafu wa meza za wengine unastahili maji safi na mifereji kwa wapishi wake, tena kabla ya mgahawa mwingine wa ufukweni.

Ndege za kwenda Brussels huruka kutoka uwanja huohuo ulio jirani, na mara nyingi ndani ya mizigo ya abiria mna ndagala wakavu. Katika jiji hilo, mji mkuu wa nchi iliyoitawala Burundi hadi 1962, Waafrika hukutana Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Pale samaki wadogo wakavu huuzwa madukani, na mwenyeji wa Buterere akifika huko atakitambua chakula chake mara moja, ila kwa bei ya Ulaya.