Kahawa ya Meru Inayonywewa kwa Jina la Kilimanjaro

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, kabla hujafika uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo, nyumba na maduka hukatika ghafla na mibuni huanza. Hilo ndilo shamba la Burka, chini ya mlima Meru. Kwa maelezo ya wenyewe lilianzishwa 1899, na kwa umri huo limeutangulia mji unaolizingira leo, maana Boma la Wajerumani, lile ambalo Arusha ilikua kulizunguka, lilikamilika 1900.

Huko Bordeaux, Ufaransa, shamba la mizabibu la umri huo lingehesabiwa kuwa changa. Mashamba ya mvinyo mwekundu ya Médoc yalipangwa katika madaraja matano mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya enzi za Napoleon wa Tatu, na tangu hapo jina la shamba limekuwa mali kuliko hata ardhi yake. Chupa yenye jina la Château Latour au Château Margaux hupata bei kabla haijafunguliwa. Kahawa ya miteremko ya Meru haijapata bahati hiyo, ingawa mengi yanayoupa mvinyo ule sifa zake, yaani udongo, mbegu yenye nasaba, ustadi wa mikono na historia ndefu, yapo tele hapa.

Tuanze na mlima. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500 na ni volkano ambayo haijasahau kazi yake. Mara ya mwisho ilitoa majivu 1910, wakati walowezi wa Kijerumani wakiwa wameshagawana mashamba chini yake. Majivu ya karne nyingi yameacha udongo mwepesi, mweusi, wenye rutuba. Mito inayoshuka kutoka msituni hukingwa kwa mifereji ambayo Wameru na Waarusha walikuwa wakiichimba kabla mzungu hajafika. Usiku ni wa baridi, na tunda la kahawa huiva polepole. Kuiva huko kwa taratibu ndiko kunakoipa punje ugumu na ladha ya uchachu mwanana inayotafutwa na waonjaji.

Mbegu nayo ina asili ya Kifaransa. Mibuni ya kwanza ya kaskazini ililetwa na mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, waliotokea Bagamoyo na kujenga misheni Kilema, Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Aina waliyoipanda, Bourbon, ilichukua jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Baadaye kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa 1934, kiliichambua mibuni mti kwa mti na kutoa N39, iliyotokana na Bourbon, pamoja na KP423, iliyotokana na aina ya Kent kutoka India. Hadi leo mkulima wa Meru anayejua kahawa yake atakuonyesha mibuni ya zamani shambani na kukataa kuing'oa, hata kama inashambuliwa na ugonjwa wa chulebuni kila msimu wa mvua nyingi na inamgharimu dawa ya mrututu.

Ardhi yenyewe ilipatikana kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma vijiji na kupora ng'ombe. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 walinyongwa Moshi. Mangi Meli wa Old Moshi ndiye anayekumbukwa zaidi, lakini walikuwemo pia viongozi wa Meru na Arusha. Baada ya hapo hapakuwa na wa kubisha. Kuanzia 1905 hivi wakaja Makaburu waliokimbia Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, wakafuatwa na walowezi wa Kijerumani. Wengi wa Makaburu walihamia Kenya, lakini mipaka ya mashamba ilibaki. Ikawa pete iliyouzunguka mlima: juu msitu wa hifadhi, chini mashamba ya walowezi, katikati wenyeji wakibanana na vihamba vyao, yaani mashamba ya familia. Mmeru aliyetaka kupeleka ng'ombe malishoni tambarare alilazimika kupita katika ardhi ya mtu mwingine.

Wenye mashamba walibadilika mara nyingi kuliko mibuni. Waingereza walipoiteka Arusha Machi 1916, mali za Wajerumani zilitaifishwa kama mali za adui, kisha zikauzwa, na wanunuzi walikuwa Waingereza, Wahindi na Wagiriki. Wagiriki hasa waliacha alama Arusha, kanisa lao la Kiorthodoksi likiwa mojawapo. Wajerumani waliruhusiwa kurudi 1925, wakanunua tena, kisha 1939 wakanyang'anywa mara ya pili. Muda huo wote kahawa iliendelea kuchumwa. Kabla reli haijafika Arusha mwishoni mwa 1929, magunia yalisafirishwa hadi Moshi kwa magari ya kukokotwa na maksai.

Inafaa kusimama kidogo kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo ladha. Kuanzia Julai hadi Desemba vibarua hupita safu kwa safu wakichuma matunda mekundu tu, na hulipwa kwa debe. Mtu huurudia mti uleule mara kadhaa kwa msimu, kwa sababu matunda hayaivi pamoja. Siku hiyohiyo humenywa kwa mashine, punje zenye utelezi huachwa ndani ya matangi usiku kucha au zaidi, kisha huoshwa katika mifereji ya saruji. Zile nyepesi huelea na kutengwa. Nzito huzama, nazo ndizo zinazosubiriwa. Hapo huanikwa kwenye vichanja vya waya, zikigeuzwa kwa mikono, na jua likizidi hufunikwa zisipasuke ganda. Kosa la siku moja kwenye tangi huharibu kazi ya mwaka, na muonjaji wa Moshi hulitambua kwa kijiko kimoja.

Wameru hawakubaki vibarua tu. Walowezi walipiga kelele kwamba Mwafrika akipanda kahawa ataeneza magonjwa, lakini tangu miaka ya 1920 mibuni ilianza kuingia chini ya migomba ya vihamba, na bei ilipopanda miaka ya 1950 ikaingia kwa wingi. Ni miaka hiyo hiyo ambapo suala la ardhi lililipuka. Kufuatia ripoti ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi, serikali iliamua kuwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili kupanua eneo la walowezi wafugaji. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa. Wameru walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, hadi New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika hapo. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini dunia ilisikia jina la Meru.

Sokoni jina hilo halikusikika. Kahawa ya mashamba makubwa na ya vihamba ilikwenda Moshi, ikakobolewa katika kiwanda kilichokuwapo tangu 1920, ikapangwa kwa ukubwa wa punje, AA, A, B, na kuuzwa mnadani. Japani, mnunuzi wake mkubwa, huruhusu Arabika yoyote ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba kuitwa Kilimanjaro. Hivyo kahawa ya mzee wa Nkoaranga na ya shamba la Burka hunywewa Tokyo kwa jina la mlima wa jirani.

Hasara yake ni ya kweli. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 na bei kuporomoka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, kahawa isiyo na jina ilikuwa ya kwanza kukosa kinga. Vihambani mibuni iling'olewa ikapandwa nyanya na mahindi. Upande wa Tengeru na Usa River baadhi ya mashamba makubwa yakageuzwa ya maua ya waridi. Na karibu na jiji, viwanja vya nyumba hulipa haraka kuliko zao linalohitaji miaka mitatu kabla ya kuzaa.

Ethiopia iliona hatari hiyo mapema. Kuanzia 2005 iliomba kusajili Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ikabishana na Starbucks, na 2007 wakafikia makubaliano ya kuyatambua. Meru ina mashamba yenye kumbukumbu ya zaidi ya karne moja na vyama vya msingi vya ushirika vinavyoweza kusema kila gunia limetoka kihamba gani. Bodi ya Kahawa, halmashauri na wakulima wakae waandikishe jina la Meru sasa, mibuni ya Burka ikiwa bado inaonekana kutoka barabarani.