Namba Aliyosomewa Mpwa Wangu: Historia Fupi ya Ngiri ya Kiwambo



Mwaka 2004 mpwa wangu anayeishi Uingereza alinipigia simu usiku. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, na altrasaundi imeonyesha mtoto ana tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Matumbo yamepanda juu, yamelibana pafu. "Mjomba, wametusomea 1.1. Ndiyo nini hiyo?"

Mimi si daktari wa hospitali, uzamivu wangu ni wa takwimu. Lakini niliijua namba ile ilikotoka.

Bochdalek wa Prague alilieleza tundu hilo mwaka 1848, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1946 Robert Gross wa Boston akatoa habari ya kumpasua mtoto asiyetimiza hata siku moja, na mtoto akapona. Basi wengi wakadhani kazi ni kuziba tundu tu. Kumbe la kuua zaidi ni mapafu yaliyokosa nafasi ya kukua. Matokeo ya wapasuaji yalionekana mazuri kwa kuwa waliohesabiwa ni wale waliofika mezani wakiwa hai. Mwaka 1978 Michael Harrison na wenzake wakaviita vifo vya waliobaki vifo vilivyofichika.

Altrasaundi ilipowafanya hata hao waonekane, utabiri ukaanza. Mwaka 1996 madaktari wa San Francisco waliangalia watoto 55: eneo la pafu lisilobanwa wakaligawa kwa mzunguko wa kichwa. Chini ya 0.6 hakupona hata mmoja. Juu ya 1.35 walipona wote. Katikati, asilimia 61. Hapo ndipo ilipoangukia 1.1 yetu.

Sasa, namba ile ilikuwa na kasoro. Pafu hukua haraka kuliko kichwa, kwa hiyo mtoto yuleyule angesomeka vingine wiki ya 22 na vingine wiki ya 32. Mwaka 2007 Jani na wenzake huko Ulaya walianza kulinganisha na kipimo kinachotarajiwa kwa umri ule wa mimba. Chini ya asilimia 25 huhesabiwa hali mbaya sana.

Lakini kilichonifunza zaidi ni jaribio la San Francisco lililotangazwa mwaka 2003. Watoto waliozibwa bomba la hewa wangali tumboni, ili mapafu yatanuke, walipona 8 kati ya 11. Wasiozibwa walipona 10 kati ya 13! Madaktari hawakutarajia hivyo. Matunzo ya baada ya kuzaliwa yalikuwa yameboreka, na utabiri wa zamani ukabaki nyuma. Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2021, kwa wale wa chini ya asilimia 25, puto katika bomba la hewa liliwaokoa asilimia 40, dhidi ya 15 wasiowekewa, ingawa wengi zaidi walizaliwa njiti.

Usiku ule nilimwambia mpwa wangu aulize mawili: namba hii ilihesabiwa kwa watoto gani, na hapo hospitalini kwenu wanapona wangapi?

Kijana yule yu hai. Silitoi hilo kama ushahidi, maana mmoja si takwimu. Hata angefariki, 1.1 isingekuwa hukumu yake. Ilikuwa kumbukumbu ya watoto wa watu wengine, waliotunzwa kwa ujuzi wa siku zao.

Walio madaktari, nisahihisheni nilipoteleza.

Wasalaam.