Maneno magumu ya Shakespeare yalianzia masikioni

Juma lililopita mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, alinijia na daftari. Ndani alikuwa ameorodhesha maneno 214 aliyoyatoa katika Macbeth, tamthilia ya William Shakespeare, kila neno na maana yake kando. "Mjomba, nimeyakariri yote," aliniambia. "Lakini nikirudi kwa mchezo wenyewe bado sielewi kitu. Naona heri niiache tu hii kozi."

Sikumcheka. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na daftari kama hilo. Nilipokuwa shuleni, kila Ijumaa mwalimu wetu alijaza ubao maneno ya Julius Caesar, na kila Jumatatu alitutahini. Nilipata alama zote. Ila tulipofungua ukurasa wa kwanza wa mchezo, pale fundi viatu anapowazungusha maafisa wawili wa Roma kwa majibu ya mafumbo, darasa zima lilitulia tuli kama maji mtungini. Hakuna aliyejua kwamba huo ni mzaha! Neno "cobbler" enzi hizo lilimaanisha fundi viatu, na pia mtu anayelipua kazi yoyote ile. Afisa anauliza, fundi anajibu, na afisa habaini kama ametajiwa kazi au ubovu wa kazi. Orodha yetu ilikuwa na maana moja tu ya neno hilo, basi mzaha ukatupita.

Miaka imepita, na nikisoma historia ya tamthilia hizi naona wazi kwamba tatizo halikuwa akili zetu. Tulikuwa tumeanzia mkiani.

Hebu tuwatazame wale waliozisikia kwanza. Ukumbi wa Globe ulijengwa London mwaka wa 1599. Kwa peni moja tu, mtu aliruhusiwa kusimama uani, mbele ya jukwaa, akatazama mchezo hadi mwisho. Wengi wa waliosimama hapo walikuwa watu wa kazi za mikono, na si wote waliojua kusoma. Kwani walikuwa na kamusi mfukoni? Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, kazi ya mwalimu Robert Cawdrey, ilichapishwa mwaka wa 1604. Ilikuwa na maneno kama 2,500 tu. Wakati huo Hamlet ilikuwa tayari imeigizwa na hata kupigwa chapa.

Tena hicho kilikuwa kipindi ambacho Kiingereza kilikuwa kikikopa maneno kwa fujo kutoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Wapo wasomi waliokasirika, wakayabeza kwa jina la maneno ya kidau cha wino, yaani maneno ya watu wanaojionyesha kwa kalamu. Shakespeare alilijua zogo hilo, akalipeleka jukwaani. Katika Love's Labour's Lost yumo mwalimu Holofernes anayechekesha kwa Kilatini chake kisichokwisha. Katika Much Ado About Nothing yumo Dogberry, mkuu wa walinzi, anayependa maneno makubwa na kuyatumia visivyo. Ili kumcheka Dogberry lazima ulijue neno alilolikosa, au uambiwe na kicheko cha aliyesimama kando yako. Ukumbi ulikuwa darasa, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Sasa turudi kwa Macbeth, mchezo wa mpwa wangu. Macbeth amemuua Mfalme Duncan na mikono yake imelowa damu. Anajiuliza kama bahari yote inaweza kuisafisha. Anajijibu kwamba la, mikono hii ndiyo itakayozibadilisha bahari rangi. Hapo anatumia maneno mawili mazito: "multitudinous", yenye wingi usiohesabika, na "incarnadine", kutia wekundu, neno ambalo shina lake ni jina la Kilatini la nyama. Je, mtu wa uani alilijua hilo la pili? Sidhani. Lakini papo hapo Macbeth anasema jambo lile lile kwa maneno mafupi ambayo hata mtoto angeyaelewa: kijani kinageuka chekundu. Mwandishi ametoa fumbo na kulifumbua katika pumzi moja.

Si hayo tu. Mara mkewe anaingia, mikono yake ina rangi ile ile, na anasema maji kidogo tu yatatosha. Bahari nzima kwa mume, maji kidogo kwa mke! Baadaye tunamwona mke huyo huyo akitembea usingizini, akiisugua mikono isiyotakata. Ukishayaona hayo, huhitaji kukariri neno lile. Limekwisha kujikalia kichwani.

Kuna mtego mwingine ambao orodha haiuoni kabisa. Maneno yanayompoteza msomaji si yale magumu pekee. Ni haya mepesi anayodhani anayajua. "Presently" ya Shakespeare mara nyingi ni sasa hivi, si baadaye kidogo. "Naughty" si utundu wa mtoto, bali uovu. "Let" katika Hamlet huweza kuwa kuzuia, kinyume kabisa cha kuruhusu. Nani ataandika "let" kwenye daftari lake? Ni mpaka usikie kauli haiendani na kitendo ndipo unashtuka: ala, neno hili lina jambo.

Orodha basi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mtihani. Tamthilia hizi zilipogeuzwa kuwa vitabu vya kutahiniwa, Uingereza na katika makoloni yake, zilichapishwa na maelezo pembeni, na mwanafunzi akajifunza kusoma maelezo kuliko mchezo. Hata hivyo, hapa kwetu Kenya njia ya sikio haikufa. Katika miaka ya 1950, wakati wavulana wa Alliance wakijiandaa kwa mitihani ya Cambridge, shule hiyo iliigiza mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kipindi hicho.

Na upande wa Kiswahili tunaye Julius Nyerere. Alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1952, kwa hivyo Kiingereza hakikumpiga chenga. Hata hivyo, baada ya kuchapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka wa 1963, aliirudia, ikatoka upya mwaka wa 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo alitoa Mabepari wa Venisi. Litazame neno bepari. Lilitujia kutoka lugha za Bara Hindi kwa maana ya mfanyabiashara. Lakini mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, bepari alikuwa mnyonyaji. Tena Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja katika anwani yake. Nyerere akawataja wengi. Kamusi ingempa maana. Uzito wa neno aliupata kwa kujua anasema na nani, na wakati gani.

Nilimweleza mpwa wangu hayo, kisha nikamwambia afunge daftari. Tukasoma kwa sauti, pale mezani. Yeye Macbeth, mimi Lady Macbeth, jambo lililomvunja mbavu. Nikamkumbusha kwamba enzi za Shakespeare wanawake wote jukwaani walikuwa wavulana, kwa hivyo asinionee. Tulipofika penye bahari na damu alisita, akarudi nyuma mstari mmoja, kisha akaniangalia. "Mjomba, si hapa anarudia tu kile alichokwisha kusema?" Naam.

Sisemi kamusi itupwe. Nasema ije ya mwisho. Soma tukio zima kwa sauti bila kusimama. Jiulize nani anamwambia nani, na anataka nini kwake. Kisia. Ndipo ufungue kamusi, nayo itakuthibitishia au itakusahihisha; kwa vyovyote vile, neno limeshika.

Nawaambia haya pia walimu wenzangu wa Kiswahili. Wanafunzi wetu wanabeba miongozo ya tamthilia teule hata kabla ya kuifungua tamthilia yenyewe. Wanajua kutaja tashbihi na kinaya, ila wakisikia mhusika akimpiga mwenzake kijembe hawacheki. Tusijidanganye kwamba tatizo hilo ni la Shakespeare pekee.

Mpwa wangu ana mtihani mwezi ujao. Kama ataiacha kozi au la, hajaniambia. Lakini jana usiku alinipigia simu akiwa na wenzake watatu bwenini. Walikuwa wanatafuta mtu wa kusoma sehemu ya mzuka wa Banquo. Nikawaambia Banquo hasemi neno katika karamu ile, anakaa tu. Wakacheka, wakaendelea bila mimi.