Chapa Shingoni: Visu vya Kukunja vya Marekani na Wanaovisoma

Walden ni mji mdogo kando ya mto Wallkill, katika jimbo la New York. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ulikuwa na viwanda vitatu vya visu vya kukunja, na watu wakaupa jina la Sheffield Ndogo. Jina liliufaa. Wengi wa mafundi waliokaa kwenye meza za viwanda hivyo walikuwa wametoka Sheffield yenyewe, kule Uingereza, wakavuka bahari na ufundi waliourithi kwa baba zao: kuipa springi ukali wa kutosha, kuusugua ubapa kwenye jiwe la kunolea bila kuuchoma, kuubana mfupa juu ya shaba kwa misumari midogo isiyoonekana kwa urahisi. Kiwanda kikongwe kati ya hivyo vitatu, New York Knife Company, kilianzishwa Matteawan mwaka 1852 na kuhamia Walden mwaka 1856. Aliyekuja kukiongoza, Thomas Bradley, alizaliwa Uingereza, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akatunukiwa nishani kuu ya ushujaa kwa alichokitenda Chancellorsville mwaka 1863, kisha akawa mbunge mjini Washington.

Viwanda hivyo vimekwisha, lakini visu vyake vingali vinazunguka kutoka mkono hadi mkono. Mkusanyaji mzoefu akipewa kimoja hahangaiki kwanza na uzuri wa mpini. Hukifungua, hukigeuza kwenye mwanga, akakodolea macho shingo ya ubapa, pale chuma kinapozama kwenye mpini. Hapo pamegongwa maandishi madogo yanayohitaji lenzi: jina la kampuni, jina la mji, wakati mwingine namba. Ndiyo chapa. Katika nafasi isiyozidi ukucha imebanwa habari ya ushuru wa forodha, vita, makampuni yaliyoungana na makampuni yaliyofilisika. Tena hapo hapo ndipo walaghai wanapopenda kufanyia kazi, na kwa hiyo anayeamini chapa peke yake ataibiwa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa, kisu kizuri mfukoni mwa Mmarekani kilitoka Sheffield. Joseph Rodgers and Sons walijulikana kwa alama yao ya nyota na msalaba. George Wostenholm, mwenye chapa ya IXL, aliitegemea Marekani kiasi kwamba kiwanda chake cha Sheffield alikiita Washington Works. Viwanda vya Connecticut, kama Holley wa Lakeville, vilikuwa vimeanza tangu miaka ya 1840, lakini vilishindana kwa taabu na bidhaa ya Kiingereza iliyokuwa na sifa na bei nzuri.

Sheria ya ushuru ya mwaka 1890, inayoitwa kwa jina la mbunge William McKinley aliyekuja kuwa rais, ilibadili mambo kwa ghafla. Ushuru wa visu vya kigeni ulipanda sana, na Sheffield ikapoteza sehemu kubwa ya soko lake la Marekani. Sheria hiyo hiyo ilidai kwamba kuanzia Machi 1891 bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa mkusanyaji wa leo, kifungu hicho ni zawadi. Kisu chenye neno England au Germany shingoni kwa kawaida ni cha baada ya sheria, na cha Sheffield kisichotaja nchi kinaweza kuwa cha kabla yake. Kinaweza, si lazima: watengenezaji hawakutii wote kwa siku moja, na kisu kilichouzwa nje ya Marekani hakikuwa na haja ya kutii.

Nyuma ya ukuta huo wa ushuru viwanda vya Marekani vilistawi. Ndugu wa ukoo wa Case walianza kuuza visu kwa gari la farasi kaskazini mwa New York mwaka 1889. Mwaka 1905 kijana wa ukoo huo, John Russell Case, aliunda kampuni aliyoiita kwa jina la baba yake, W.R. Case and Sons, na makao yake yakawa Bradford, Pennsylvania. Mwaka 1904 ndugu wa Schrade walifungua kiwanda chao Walden. Mmoja wao, George, alikuwa amebuni kisu kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 1911 New York Knife Company ilitoa kisu rasmi cha kwanza cha chama cha maskauti wa Marekani, na vijana wengi wakakua wakijua kwamba kisu cha kukunja ni chombo cha kazi na cha nidhamu.

Hakuna chapa iliyosomwa kwa bidii kuliko ya Case. Visu vya miaka 1920 hadi 1940 vimeandikwa Case Tested XX. Kampuni husimulia kwamba herufi hizo mbili zilitokana na alama zilizowekewa bapa kila zilipomaliza hatua ya kupewa ugumu kwa moto. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1964 neno Tested liliondoka, ikabaki Case XX. Mwaka 1965 yakaongezwa maneno U.S.A. Kisha mwaka 1970 kampuni ikafanya jambo lililowafurahisha wakusanyaji kupita kiasi: chini ya maandishi iliweka nukta kumi, na kila mwaka ikapunguza moja. Kisu chenye nukta saba ni cha 1973. Chenye nukta moja ni cha 1979. Ghafla mtu yeyote mwenye macho mazuri aliweza kutaja umri wa kisu chake bila kumuuliza fundi.

Namba nazo zina lugha yake. Kisu cha Case kilichoandikwa 6254 kinajieleza chenyewe: 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa, 2 ni idadi ya bapa, na 54 ni namba ya umbo, ambalo ni lile la watega wanyama, Trapper. Tarakimu ya kwanza ikiwa 5, mpini ni wa pembe ya paa. Ikiwa 3, ni wa plastiki ya manjano ambayo wakulima wengi waliipenda kwa kuwa kisu kikianguka kwenye nyasi kinaonekana. Remington walifanya kinyume, wakaiweka habari ya mpini mwishoni: R1123 inamalizikia kwa 3, yaani mfupa.

Remington yenyewe ni mfano mzuri wa jinsi vita vinavyozaa bidhaa za amani. Kampuni hii ya bunduki ilitoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa na mitambo mingi na kazi chache, na mwaka 1920 ikaanza kutoa visu Bridgeport, Connecticut. Washindani wao Winchester walikuwa wamenunua viwanda viwili vya visu mwaka 1919. Kisu cha R1123, chenye kibati chenye umbo la risasi kwenye mpini, leo kinatafutwa kuliko karibu vyote vya kampuni hiyo. Kazi hiyo ilidumu miaka ishirini tu. Mwaka 1940 Remington iliiuzia kampuni ya PAL idara yake ya visu. Tangu mwaka 1982 jina la Remington limetokea tena kwenye visu vya risasi vya kumbukumbu, na asiyejua tofauti huweza kulipa bei ya mwaka 1925 kwa kisu cha juzi.

Shida inazidi pale jina lililo shingoni linapokuwa la muuzaji. Keen Kutter ilikuwa chapa ya Simmons, wauzaji wa jumla wa zana mjini St. Louis, na Diamond Edge ya majirani zao Shapleigh. Duka la Sears Roebuck liliuza visu vya Craftsman ambavyo halikuvitengeneza lenyewe. Wote hao waliagiza kwa watengenezaji kama Schrade, Camillus na Ulster, wakagongewa majina yao. Hapo chapa inaeleza duka tu. Aliyekitengeneza kisu hutambulika kwa mikono yake: jinsi mfupa ulivyochongwa, umbo la kijishimo cha kuingizia ukucha, mkunjo wa springi, namba iliyoachwa upande wa pili. Kujifunza kusoma ishara hizi ndiko kunakomtenga mkusanyaji wa kweli na mnunuzi wa majina, na ndiyo sehemu ya kazi hii inayostahili heshima kubwa zaidi.

Mfupa mwingi wa mipini ulikuwa wa miguu ya ng'ombe, sehemu kubwa ukitoka Amerika ya Kusini, ukapakwa rangi ya kijani, kahawia au nyekundu baada ya kuchongwa mashimo yanayoiga pembe ya paa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia malighafi zilipopungua, Case walitumia plastiki nyeusi yenye ngozi ya kukwaruza. Mpini kama huo pamoja na chapa ya zama hizo huthibitishana. Katika miaka ya 1950 na 1960 plastiki iliichukua nafasi ya mfupa kwenye visu vingi vya bei ya kawaida.

Seluloidi inahitaji onyo lake. Ilipendwa kabla ya vita kwa rangi zake zinazong'aa, lakini ikizeeka hutoa mvuke wa tindikali. Kisu kimoja chenye mpini unaooza kikifungiwa sandukuni na vingine, baada ya muda bapa za majirani zake huota kutu. Wenye busara huvitenga.

Mipini ya pembe za ndovu inaigusa pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya Sayyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa ambacho watu wa pwani wangali wanakiita merikani, zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi zilifika bonde la mto Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, zikawa vitana na vibao vya piano. Sheffield nayo ilinunua zake kwa mipini ya visu. Kabla ya kupakiwa, pembe hizo zilikuwa zimetoka bara mabegani mwa wapagazi na watumwa. Anayekishika kisu cha aina hiyo anashika na historia hiyo, na ni haki aijue. Tangu mwaka 2016 sheria ya Marekani imeibana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, hata zile kuukuu.

Kukusanya visu kulipata nguvu mpya mwishoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya bunduki ya mwaka 1968 iliufanya uuzaji wa silaha magulioni kuwa mgumu, na baadhi ya wachuuzi wakageukia visu. Mwaka 1972 wakusanyaji waliunda chama chao cha kitaifa. Bei zilipopanda, walaghai nao walikuja.

Mbinu zao zinajulikana. Chapa ya kisu rahisi husagwa, ikagongwa ya zamani mahali pake. Au shingo yenye jina kubwa huchomelewa kwenye ubapa mwingine. Au visu viwili vilivyovunjika huunganishwa kuwa kimoja. Jicho linalojua huona shingo ya ubapa mmoja nyembamba kuliko ya mwenzake, herufi zenye kingo kali juu ya chuma kilicholika kwa kutu, msumari mpya kati ya misumari iliyofifia, gundi pembeni mwa kibati kilichopaswa kupigiliwa. Kisu kisichochezewa hufunga kwa mlio mkavu, na ncha ya ubapa hulala chini ya kuta za shaba. Ikijitokeza juu, huenda ubapa huo haukuzaliwa hapo. Na mtu asikisugue kisu cha kale ili kiwake. Weusi wa chuma ni ushahidi, na mashine ya kung'arisha huufuta pamoja na thamani.

Hofu ya visu bandia si mpya. John Russell wa Massachusetts, aliyeanza kutengeneza zana za makali mwaka 1834, aliviwekea visu vyake vya Barlow alama ya herufi R iliyochomwa na mshale. Mark Twain alimpa Tom Sawyer kisu cha Barlow katika kitabu cha mwaka 1876, na papo hapo akawashangaa wavulana wa magharibi walioogopa kuuziwa bandia ya kitu rahisi namna ile. Leo Barlow ya Russell inaghushiwa kwa kuwa ina bei.

New York Knife Company ilifunga mwaka 1931. Chapa yake ya nyundo ilichukuliwa na Imperial wa Providence, kampuni ya ndugu Mirando, wahamiaji kutoka Frosolone nchini Italia, wakaigonga kwenye visu rahisi vyenye mipini ya bati. Hivyo nyundo moja ina kazi mbili zisizolingana hata kidogo. Schrade iliuzwa mwaka 1946, ikaandika Schrade Walden hadi 1973, na kiwanda chake cha mwisho, Ellenville, kikafungwa mwaka 2004. Camillus ilifilisika mwaka 2007. Majina yote mawili yalinunuliwa na wengine, na visu vingi vinavyoyabeba sasa vinatengenezwa China.

Case ingali inafanya kazi Bradford, mikononi mwa wamiliki wa Zippo tangu 1993. Mjini Titusville, Pennsylvania, mahali palipokuwa na viwanda vya visu vya Schatt and Morgan na baadaye Queen, kampuni ya Great Eastern Cutlery ilianza mwaka 2006 kutengeneza visu vya mifupa na chuma kinachoota weusi, kwa maumbo ya zamani. Tarakimu mbili za mwisho za namba yake ni za mwaka, na matoleo mengi humalizika madukani kabla wengine hawajapata habari kwamba yametoka.