Kwa nini maji maangavu ndooni huenda yasiwe salama

MVUA kubwa inaponyesha katika vilima vya Nyamarambe, eneo la Mugirango Kusini, vijito hubadilika rangi kwa muda mfupi na kuwa vyekundu mithili ya udongo wa mashamba vinakopitia. Maji hayo huelekea mto Gucha, ambao wakazi wa Migori huuita Kuja, na hatimaye humiminika katika Ziwa Victoria. Kwa familia zisizo na mfereji nyumbani, maji ya aina hiyo ndiyo ya kunywa, kupikia na kufulia.

Desturi ya wengi ni kuyaacha maji yatulie ndooni usiku kucha, kisha kumimina yale ya juu yanayoonekana kung'aa. Desturi hiyo ina msingi wa kisayansi, lakini pia ina mpaka wake. Anayetaka kujua mpaka huo sharti kwanza aelewe ni nini kinachozama, ni nini kinachoelea, na ni nini kinachobaki katikati bila kuonekana.

Kuzama na kuelea

Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeishi Sirakusa katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alieleza kwamba kitu kinapotumbukizwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyaondoa. Kitu chenye uzito unaozidi wa maji ya ujazo uo huo huzama. Chenye uzito mdogo zaidi huelea.

Sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Ujazo uo huo wa punje za mchanga wa kawaida una uzito wa takriban gramu 2.65, na wa mafuta ya kupikia takriban gramu 0.92. Ndiyo maana kokoto huenda chini, mafuta hutanda juu ya mchuzi, na malai hupanda juu ya maziwa yaliyoachwa yatulie. Maharagwe yaliyotobolewa na wadudu nayo huelea wakati wa kuoshwa kwa sababu ndani yake mna hewa.

Ukubwa ndio huamua muda

Kujua kwamba chembe itazama hakutoshi; swali kuu ni itachukua muda gani. Jibu lilitolewa mwaka wa 1851 na George Gabriel Stokes, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alionyesha kwamba chembe ndogo inayozama katika kioevu hufikia mwendo usiobadilika, kwani uzito wake unaoivuta chini husawazishwa na ukinzani wa kioevu chenyewe. Mwendo huo hupungua kioevu kinapokuwa kizito kama asali. Muhimu zaidi, hutegemea mraba wa kipenyo cha chembe: chembe ikiwa ndogo mara 10, itazama polepole mara 100.

Tuchukue ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 30. Punje ya mchanga laini yenye kipenyo cha milimita 0.1 hufika chini kabla ya dakika moja kwisha. Chembe ya tope ya milimita 0.01 huhitaji takriban saa moja. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.001 huhitaji karibu siku nne, tena iwapo ndoo haitatikiswa hata kidogo.

Mafundi wa Tabaka, si mbali na Nyamarambe, wanaijua tofauti hiyo kwa macho. Vinyago vya mawe ya sabuni vinaposuguliwa kwa msasa ndani ya beseni la maji, vumbi zito huketi chini upesi, ilhali maji ya juu hubaki meupe kama maziwa kwa muda mrefu.

Chembe zisizotulia

Zipo chembe ndogo zaidi ambazo hazitulii hata zikisubiriwa kwa majuma. Mwaka wa 1827, mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua zikitikisika majini bila kukoma. Mwaka wa 1905 Albert Einstein alifafanua kwamba chembe za namna hiyo hugongwa kila upande na molekuli za maji zenyewe. Aidha, chembe za udongo wa mfinyanzi kwa kawaida hubeba chaji hasi za umeme, hivyo husukumana badala ya kushikamana.

Dawa yake ni kuzifanya zishikane zipate kuwa kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya shabu, ambayo ni chumvi ya aluminiamu. Chaji zake chanya hutuliza chaji za udongo, chembe hukusanyika kuwa mabonge, na mabonge hayo huzama haraka. Mitambo mingi ya kusafisha maji ya mito hufuata utaratibu huo: shabu, kutulizwa, kuchujwa katika mchanga, kisha klorini. Nchini Sudan, wanawake wa kandokando ya mto Nile wametumia unga wa mbegu za aina za mlonge kwa kazi iyo hiyo, kwa kuwa protini zake nazo zina chaji chanya.

Bahari hufanya jambo linalofanana na hilo. Mto Sabaki unapoingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi, chumvi ya bahari hudhoofisha msukumano wa chembe, nazo huanza kushikamana na kutua karibu na pwani.

Mtoni na shambani

Katika mto unaokwenda kasi, misukosuko ya maji huinua chembe upya kila zinapoanza kuzama. Mto unapofika tambarare na kupunguza mwendo, hutua mzigo wake kwa zamu: kokoto kwanza, mchanga baadaye, na tope laini mwishoni. Kwa hiyo udongo mwingi unaotoka katika miinuko ya Gusii huishia nyanda za chini za Kuja na ziwani. Udongo huo hubeba fosforasi, ambayo ni mojawapo ya virutubisho vinavyostawisha gugu-maji, mmea unaoelea kwa sababu vikonyo vyake vimejaa hewa.

Mkulima anaweza kuitumia kanuni hiyo kwa faida yake. Matuta na safu za nyasi za nepia zinazokingama mteremko hupunguza kasi ya maji, nayo yakipungua kasi huuacha udongo papo hapo shambani kabla haujafika mtoni.

Mpaka wa macho

Bakteria wengi wana ukubwa wa takriban milimita 0.001, na uzito wao hauzidi sana ule wa maji. Kwa hiyo huzama polepole kuliko hata udongo wa mfinyanzi wa ukubwa huo. Virusi ni vidogo zaidi. Maji yanaweza kung'aa kama kioo ilhali yangali na vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo.

Hata hivyo, kuondoa tope si kazi bure, kwa sababu vijidudu vingi hujishikiza kwenye chembe na viumbe vidogo vya majini. Utafiti wa vijijini Bangladesh uliochapishwa mwaka wa 2003, ukiongozwa na Rita Colwell wa Marekani, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne kulipunguza visa vya kipindupindu kwa takriban nusu. Nusu nyingine ndiyo inayoonyesha upungufu wa kuchuja peke yake.

Tope pia hupunguza nguvu ya dawa. Klorini hutumika kupambana na uchafu kabla ya kuvifikia vijidudu, na vile vilivyojificha ndani ya chembe huweza kuponyoka.

Utaratibu unaofaa nyumbani, basi, ni huu. Maji yaachwe yatulie katika chombo kilichofunikwa. Ya juu yamiminwe polepole bila kutibua mashapo, yapitishwe katika kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshwe hadi yatokote. Anayetumia klorini badala ya kuchemsha afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri angalau dakika 30 kabla ya kunywa. Mwishowe yahifadhiwe katika chombo safi chenye kifuniko, na yasichotwe kwa kikombe kinachotumbukizwa pamoja na mkono.