Mikono ya Nani? Historia ya Kutengeneza Kompyuta kwa Mbali Kitale na Bungoma

Kazi ya kutengeneza kompyuta kwa mbali, yaani fundi kuondoa hitilafu za mashine iliyo katika mji mwingine bila kuigusa, ina historia fupi katika miji ya Kitale na Bungoma, lakini mizizi yake imo katika desturi ya ufundi iliyoitangulia kwa miaka mingi. Bungoma imo kwenye reli kuu iendayo Uganda kupitia Malaba, na Kitale ilifikiwa na tawi la reli hiyo mwaka 1926. Katika ofisi, shule na vyama vya ushirika vya eneo hili la mahindi na miwa, fundi wa mashine za kupiga chapa alikuwa mtu wa kuitwa na kusubiriwa, ambaye alipofika aliifungua mashine mbele ya mwenyewe, akaitandaza vipande vipande juu ya gazeti, akaiunganisha tena, kisha akalipwa papo hapo. Mwenye mashine hakujua ufundi huo, lakini aliiona mikono ya aliyeujua, na kuona huko ndiko kulikokuwa dhamana yake. Kompyuta zilipochukua nafasi ya mashine za kupiga chapa, desturi hiyo ilibaki vilevile: fundi alipanda matatu Kitale akiwa na bisibisi, brashi ya vumbi na mkoba wa sidii za programu, akapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, na kutoka huko akaelekea Bungoma.

Kwingineko duniani, njia ya kumwepusha fundi na safari ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kupatikana. Programu ya pcAnywhere, iliyomwezesha mtu kuendesha kompyuta ya mwenzake kupitia waya wa simu, ilikuwa sokoni tangu miaka ya 1980. Mwaka 1998 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa VNC, ambayo husafirisha picha ya skrini upande mmoja na mienendo ya kipanya na kibodi upande wa pili, na Windows XP ya mwaka 2001 ilikuja na huduma ya namna hiyo ndani yake. Hata hivyo, kuwapo kwa programu si kuwapo kwa njia ya kuipitishia. Intaneti ilianza kuuzwa kwa umma nchini Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kwa zaidi ya mwongo mmoja mawasiliano yake na dunia yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kiasi kwamba ujumbe kwenda na jibu kurudi vilichukua nusu sekunde au zaidi. Aliyekuwa na laini ya simu ya waya aliunganishwa kwa modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ya kupita kwenye waya huo, ambacho hata katika hali bora hakikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde. Kusukuma picha ya skrini nzima katika njia hiyo kulikuwa kumwaga gunia la mahindi kupitia shingo ya chupa. Tena waya huohuo ulileta radi, ambayo ni ya mara kwa mara katika magharibi ya Kenya, na modemu ndiyo iliyotangulia kuungua.

Kwa hiyo kutengeneza kwa mbali kulianza kwa mdomo. Safaricom na Kencell zilipoingia sokoni mwaka 2000 na simu za mkononi kuenea katika miaka iliyofuata, fundi wa Kitale aliweza kumwongoza karani wa Kimilili au Chwele hatua kwa hatua, kila mmoja akiwa na simu sikioni. Kipindi hiki hutajwa kwa nadra, kana kwamba kilikuwa subira tu ya teknolojia bora, ilhali ndicho kilichodai ustadi mkubwa kuliko vyote, kwa sababu fundi alilazimika kuiona kompyuta kwa masikio. Mashine iliyochelewa kuwaka kwa kuwa programu nyingi huamka pamoja nayo ilihitaji amri ya msconfig, ambayo ilisomwa herufi moja moja: m ya maji, s ya sukari, c ya chai, o ya Oktoba, n ya nyumba, f ya fundi, i ya ikulu, g ya gari. Bila mifano hiyo, herufi kama p na b au t na d zilichanganyika kwenye simu, na amri yenye herufi moja isiyo yake haifanyi kazi.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa ule wa virusi, yaani programu haribifu, vilivyosambazwa na flashi, ambavyo vilificha faili za mtu na kuacha mahali pake vialama vya njia ya mkato. Dawa yake ilikuwa amri ya attrib, inayofuatwa na vistari, herufi na mikwaju, alama ambayo wengi huiita silashi, na kila kimoja kilitamkwa pamoja na nafasi tupu iliyokitangulia: “Weka nafasi, kistari, s, nafasi tena, kistari, h.” Karani aliyekuwa akiandika hayo kwa kidole kimoja, akiogopa kwamba matokeo ya mtihani ya muhula mzima yamepotea, hakuwa mtazamaji tena. Yeye ndiye aliyekuwa mikono ya fundi, na haikuwa ajabu kwa kosa hilohilo kurekebishwa naye mwenyewe muhula uliofuata bila kumpigia mtu simu.

Mambo yaligeuka mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi baada ya kufikishwa Mombasa kupitia chini ya bahari, wakati ambapo serikali ilikuwa ikitandaza nyuzi za mwanga, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba data kwa miali, hadi makao ya wilaya. Modemu ndogo za kuchomekwa pembeni mwa kompyuta zilileta intaneti ya simu hata palipokosekana waya. Programu iliyokidhi hali hiyo ilikuwa TeamViewer, ya kampuni ya Göppingen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2005, na baadaye ikafuatwa na AnyDesk ya Stuttgart. Mteja huifungua, husoma namba ya tarakimu tisa au kumi na nenosiri fupi kwa simu, na baada ya muda mfupi huona mshale wa kipanya ukitembea peke yake juu ya skrini yake. Fundi hufuta faili za muda, huzima programu zinazoamka bila kuitwa, hutafuta virusi, hurekebisha printa. Miji hiyo miwili haitengani hata kwa kilomita 100, lakini kompyuta zake zisipoweza kuunganishwa moja kwa moja, picha hiyo hupitishwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kati, ambayo huenda iko Ulaya. Ruhusa ya kutumia TeamViewer bure ni ya matumizi ya kibinafsi pekee, na programu hiyo ikihisi biashara hukata mawasiliano baada ya dakika chache, kwa hiyo fundi anayelipwa hupaswa kununua leseni au kuhamia programu nyingine.

Malipo nayo yalikuwa na historia yake. Kabla ya M-Pesa kuzinduliwa Machi 2007, hapakuwa na njia rahisi ya kumlipa shilingi 300 mtu asiyeonekana, ila kumtuma makanga wa matatu au kungoja siku ya kukutana. Baada ya hapo ujira ulisafiri kwa wepesi uleule wa ufundi wenyewe, na bila huduma hiyo ni vigumu kuona jinsi kazi hii ingevuka mipaka ya jamaa na marafiki. Wateja waliongezwa na serikali yenyewe: mfumo wa kodi wa iTax, serikali za kaunti zilizoanza mwaka 2013, na usajili wa wanafunzi katika mfumo wa NEMIS kuanzia 2017 viliwafanya wahasibu wa shule na wenye saiba, yaani maduka ya huduma za intaneti, washindwe kuvumilia hata siku moja ya kompyuta iliyokwama.

Hata hivyo mshale unaotembea peke yake ulimrudisha mteja kwenye utazamaji, tena utazamaji dhaifu kuliko ule wa awali, kwa kuwa aliyemwona fundi wa mashine za chapa akichomoa kipuri aliweza kukihesabu, ilhali faili ikinakiliwa haipungui. Mteja aliweza pia kuondoka kabisa, akaacha mashine wazi na kwenda sokoni. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia katika kompyuta bila idhini, na Sheria ya Kulinda Data ikafuata mwaka 2019. Lakini aliyesoma nenosiri lake kwa sauti ametoa idhini, na mpaka kati ya kazi aliyoiruhusu na upekuzi ambao hakuuruhusu ulibaki kulindwa hasa na sifa ya fundi mjini, jambo ambalo mafundi waadilifu wamelijali kwa kumwomba mteja akae mbele ya skrini hadi mwisho na kwa kutaja kila wanachokigusa.

Mashine isiyowaka haifikiki kwa njia yoyote ya mtandao. Baada ya radi, au umeme unaporudi kwa kishindo na kuunguza kisanduku cha nguvu, hakuna skrini ya kushirikishwa, na vumbi lililoziba feni halifutiki kwa amri ya herufi. Hapo kompyuta hufungwa kwa mpira nyuma ya boda boda, chombo kilichopata jina lake kwenye mpaka wa Busia, ikasafirishwa hadi kwa fundi bila mwenyewe, ikiwa na karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa selotepu, na juu ya karatasi hiyo nenosiri limeandikwa kwa herufi kubwa ili lisomeke vizuri.