Denge na Upara: Habari za Kunyoa Watoto wa Kiume wa Shule

Mtu akipita asubuhi karibu na shule nyingi za Afrika ya Mashariki ataona watoto wa kiume wamejipanga mstari, vichwa vyao vyote sawasawa, nywele zimekatwa hata zimekaribia ngozi. Wengi hudhani ya kuwa desturi hii ililetwa na shule za serikali, pamoja na kengele na ubao. Sisi tumeitazama habari hii kwa njia ya maneno yenyewe, na twaona ya kuwa asili yake si moja, wala si ya jana.

Tuanze na neno denge. Kukata denge, kwa maelezo ya kamusi za zamani, ni kunyoa kichwa na kuacha kishungi kimoja tu, aghalabu utosini. Kwa nini utosini? Utosi wa mtoto mchanga ni laini, mifupa yake haijakutana, na kwa kawaida hufunga kabla hajatimiza miaka miwili. Twakisia, wala hatusemi zaidi ya kukisia, ya kuwa mkono wa mama ulipaogopa mahali pale, na woga ukageuka pambo. Wala jambo lenyewe si la Pwani peke yake. Katika michoro na sanamu za Misri ya kale mtoto hutambulikana mara moja, kwa maana kichwa chake kimenyolewa chote, ila shungi moja lililosukwa likaanguka upande wa kuume.

Lakini huku Pwani denge lilikutana na sheria. Katika mafundisho ya Kiislamu mtoto hunyolewa nywele za uzazi siku ya saba, na yapendeza nywele zile zipimwe, na fedha ya uzani wake itolewe sadaka. Kinyozi wa siku hiyo haachi kitu. Tena iko hadithi iliyopokewa kwa Ibn Umar, ya kuwa Mtume alikataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Jambo hilo kwa Kiarabu huitwa qaza. Katika mapokezi mengine habari yasimuliwa waziwazi juu ya mtoto wa kiume aliyeonekana amenyolewa nusu, ikaamriwa anyolewe zote au aachiwe zote. Basi mwalimu wa chuoni aliyeijua hadithi hii hakuwa na sababu ya kulipenda denge. Kanuni ya kichwa kilicho sawa ilikwisha kufika Pwani karne nyingi kabla ya mwalimu wa serikali kushika mkasi. Hata hivyo neno denge lilidumu, na neno halidumu hivi bila kitu chake. Yaonekana watoto walisikia makatazo, wakaendelea.

Huko Bara kanuni ni nyingine kabisa, na mfano ulio wazi ni wa Wamaasai. Kwao mtoto wa kiume ambaye bado kutahiriwa hunyolewa, kama wanyolewavyo wanawake. Nywele ndefu ni za moran. Yeye huzifuga, huzisuka, na kuzipaka mafuta na ngeu. Siku ya eunoto, moran anapoanza safari ya kuingia utu uzima, mama yake humketisha na kumnyoa zote, na wako vijana wanaolia chini ya wembe ule. Basi nywele fupi kwao si adabu wala usafi tu, ni hesabu ya umri. Kijana aliyetoka umoran akaingizwa shule, akanyolewa na mwalimu, hakupunguziwa nywele. Alivushwa mto na mtu asiyekuwa na haki ya kumvusha.

Juu ya vyombo hatuna mengi ya kusema. Wembe ulikuwa wa mhunzi kwanza, ukaja wa dukani. Na methali isemayo, mwenzako akinyolewa, zako tia maji, hueleweka vema na mtu aliyewahi kunyolewa kavu. Mashine ya mkono ilifuata, kisha ya umeme, ambayo Leo Wahl wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois katika Marekani, aliiombea hati ya uvumbuzi mwaka 1919. Mashine hii ilileta kitu kisichokuwamo katika wembe, yaani hesabu. Kitana chake cha namba moja huacha nywele za urefu wa milimeta 3 hivi, na cha namba mbili milimeta 6. Sasa mtoto hamwambii kinyozi nyoa au punguza, humwambia namba. Twasikitika kidogo, maana Kiswahili kina maneno mazuri ya kichwa, kama panja, kisogo na utosi, na kinyozi wa zamani aliyahitaji yote.

Waalimu wakiulizwa sababu ya kanuni yao, husema ni usafi, yaani chawa na mapunye. Katika chawa wana haki. Nywele zikiisha, chawa hana pa kukaa. Katika mapunye neno lao ni nusu. Mapunye ni ugonjwa wa ukungu, nao huingia ndani ya shina la unywele chini ya ngozi, mahali wembe usipofika. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Huponywa kwa dawa ya kumeza, na iliyoenea zaidi ni griseofulvin, iliyoanza kutumiwa kwa watu mwaka 1958. Tena mashine moja ikipita juu ya vichwa arobaini bila kusafishwa, yaweza kuuchukua ugonjwa kutoka kichwa cha kwanza hata cha mwisho. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mapunye imeyatembeza mapunye mara nyingi.

Katika miaka hii denge limerudi kwa majina mengine. Lilikuja panki, kisha kiduku, na vyote ni kunyoa pande mbili na kuacha katikati. Shule huyakataza kama mambo mageni, na waalimu wachache hujua ya kuwa wanakataza jambo la babu zao.

Siku hizi mahakama nazo zimeingia katika habari ya nywele. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua ya kuwa haikuwa haki kumfukuza shuleni msichana wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake. Tarehe 31 Mei 2021 Mahakama Kuu mjini Accra, Ghana, ilitoa hukumu ya namna hiyo kwa wavulana wawili waliokataliwa na shule ya Achimota. Kesi hizi zahusu imani, wala hazikuondoa kanuni ya nywele fupi kwa watoto wengine. Lakini shule ambayo zamani ililazimu kutoa amri tu, sasa yaweza kutakiwa kutoa sababu.

Sisi hatugombani na nywele fupi. Ugomvi wetu ni juu ya mkono ushikao mkasi. Katika shule moja tulimwona mwanafunzi amerudi kutoka likizo na kiduku chake. Mwalimu alimwita mbele ya mstari, akapitisha mkasi mara moja toka kipaji mpaka kisogo, akaacha njia nyeupe katikati ya nywele, kisha akamwambia aende darasani. Wenzake walicheka. Mwalimu alidhani ameikomesha kanuni ya kihuni; kumbe alikuwa amemnyoa sehemu na kumwachia sehemu, jambo lile lile ambalo mwalimu wa chuoni alilikataza. Mtoto alikaa darasani hata saa nane, kofia hana, mkono juu ya kichwa. Jioni mama yake alimketisha kwenye kigoda mlangoni, akatia maji, akapaka sabuni, akafungua wembe mpya, akamaliza kazi iliyobaki.